Wasomaji Wauliza: Kisulisuli cha Nyuma ya Ndege Kinapofika Chini

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi husafiri mara kwa mara kati ya Unguja na Dar es Salaam kwa zile ndege ndogo za injini moja. Asubuhi moja ya siku za maleleji, anga ikiwa nyeupe na bendera ya kiwanjani imelala, ndege yetu ilifika mwanzo wa njia ya kurukia nyuma ya ndege kubwa iliyokuwa ikiondoka. Ile kubwa iliruka ikatupotea machoni, nasi tukabaki tumesimama injini ikinguruma. Abiria aliyekaa karibu na rubani alimwuliza sababu, akajibiwa kwamba tunasubiri hewa itulie. Ni hewa gani ya kutulia siku isiyo na upepo? Na je, siku shwari kama ile haikupaswa kuwa salama kuliko zote? (Msomaji, Kiembesamaki, Unguja)

JIBU: Rubani wenu alisema kweli, na ushwari wa asubuhi ile ulikuwa sababu ya kumwongezea hadhari, kwa kuwa hewa aliyokuwa akiisubiri ni ile iliyovurugwa na ndege kubwa yenyewe, na hewa ya namna hiyo hudumu zaidi pale ambapo hakuna upepo wa kuivunja.

Bawa huinua ndege kwa sababu mgandamizo wa hewa ulio chini yake ni mkubwa kuliko ulio juu yake. Kwenye ncha ya bawa hakuna kitu cha kuzitenga pande hizo mbili, basi hewa ya chini hupinda na kupanda juu, na ndege inapozidi kusonga mbele mpindo huo hujisokota ukawa visulisuli viwili virefu vilivyolala, kimoja nyuma ya bawa la kushoto na kingine nyuma ya bawa la kulia. Ukiitazama ndege kwa nyuma, cha kushoto huzunguka kwa kufuata mishale ya saa na cha kulia huzunguka kinyume, na hewa iliyo kati yake husukumwa chini. Visulisuli hivi havitokani na moshi wala msukumo wa injini, kama wengi wanavyodhani. Vinatokana na kule kubebwa kwa ndege na hewa, na kwa hiyo huanza pale ndege inapoinua pua yake ili iruke, na hukoma pale inapotua na mabawa kuacha kubeba uzito. Ndege inayokimbia ardhini kwa magurudumu haina visulisuli vya kuogopwa.

Ukali wake hutegemea uzito, mwendo na upana wa mabawa. Ndege ikiwa nzito, ikienda polepole, na mabawa yake yakiwa mafupi kwa uzito ule, kisulisuli huwa kikali zaidi. Majaribio yaliyofanywa Marekani, ambapo ndege zilipitishwa karibu na minara mirefu iliyotoa moshi ili mzunguko uonekane kwa macho, yaliwahi kupima kasi ya zaidi ya mita 90 kwa sekunde karibu na kiini cha kisulisuli. Kiini hicho ni chembamba, lakini hewa inayokizunguka husukuma mbali nje yake, na ndege ndogo yenye mabawa ya mita 16, kama Cessna Caravan, inaweza kuingia yote katika mzunguko huo, bawa moja likasukumwa juu na jingine chini kwa nguvu ambayo usukani hauwezi kuirudisha.

Tuje sasa kwenye swali lenyewe, yaani mwenendo wa visulisuli karibu na ardhi, na nitumie hesabu ili jambo lionekane. Tuchukue Boeing 787-8, ambayo mabawa yake yana upana wa mita 60 kutoka ncha hadi ncha. Visulisuli vyake havikai kwenye ncha kabisa, hujikusanya kwa ndani kidogo, na umbali baina ya viini viwili huwa takriban mita 47. Ndege hiyo ikiwa na uzito wa tani 190 na mwendo wa mita 80 kwa sekunde, kila kisulisuli hukishusha kile kingine kwa kasi ya karibu mita 1.4 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Huko juu, mbali na ardhi, jozi hii huteremka hivyo bila kutengana.

Ardhi ndiyo inayobadilisha mambo. Kwa kuwa hewa haiwezi kuipenya, wanahesabu huichukulia ardhi kana kwamba ni kioo, na chini yake huweka jozi ya pili ya visulisuli, taswira ya ile ya juu, vinavyozunguka kinyume. Kila kisulisuli halisi kinapokaribia taswira yake husukumwa na taswira hiyo kwenda pembeni, na kushuka kwake hupungua kidogo kidogo hadi kukoma kwenye kimo kilicho sawa na nusu ya umbali wa awali baina ya viini, yaani kama mita 23 au 24 kwa ndege tuliyoitaja. Jambo linalonivutia katika hesabu hii ni kwamba kasi haipotei: ile mita 1.4 kwa sekunde ya kushuka hugeuka kuwa mita 1.4 kwa sekunde ya kwenda pembeni, kisulisuli cha kushoto kikielekea kushoto na cha kulia kikielekea kulia. Vile vinavyozaliwa chini zaidi, ndege ikiwa ndiyo kwanza imenyanyuka, hukimbia pembeni kwa kasi kubwa kuliko hiyo, kwa sababu taswira zake ziko karibu zaidi.

Mambo yangeishia hapo, siku isiyo na upepo ingekuwa njema, kwani baada ya dakika moja kila kisulisuli kingekuwa kimesogea zaidi ya mita 80 kutoka kilipoanzia, na njia ya kurukia ingebaki wazi. Lakini hesabu ya kioo huacha nje kitu kimoja, nacho ni mnato wa hewa. Hewa inayogusa ardhi haiendi popote, ilhali ile iliyo juu yake kidogo inavutwa pembeni na kisulisuli kinachopita, na kati ya hizo mbili huwapo tabaka jembamba linalosuguana na ardhi. Tabaka hilo likizidiwa hubanduka, likapanda juu na kujisokota, na hapo huzaliwa kisulisuli cha pili, kidogo, kinachozunguka kinyume cha kile kikubwa. Nchini Uingereza, J. K. Harvey na F. J. Perry walieleza jambo hili mwaka 1971, na maelezo yao yametumika tangu hapo. Kisulisuli hicho kidogo hufanya kazi mbili zinazopingana kwa upande wa usalama. Kwanza hukinyanyua kile kikubwa, ambacho badala ya kubaki kwenye mita zake 23 hupanda tena na mwendo wake wa pembeni ukapungua. Kisha hukizunguka, hukiingilia na kukila nguvu, na ndiyo maana visulisuli vilivyofika chini hufa mapema kuliko vile vilivyobaki juu. Mara nyingi nguvu ya kutisha huwa imekwisha katika dakika moja hadi mbili, ingawa katika hewa iliyotulia sana vingine huchukua muda mrefu zaidi.

Upepo ndio unaoamua vitakufa wapi. Upepo mkali ni msaada, kwa sababu huvipeleka visulisuli mbali na pia huleta msukosuko unaoviraruaraua. Upepo wa kuogopwa ni ule mwepesi unaovuka njia kutoka ubavuni. Tuseme unavuma kwa mita 1.4 kwa sekunde, upepo unaopeperusha moshi wa jiko bila kuifungua bendera. Kile kisulisuli cha upande unakoelekea upepo huongezewa mwendo na kuondoka. Kile cha upande unakotoka upepo hutaka kwenda kinyume chake kwa kasi ileile, basi husimama. Na kwa kuwa kilizaliwa mita 23 au 24 kutoka mstari wa kati, na njia nyingi za ndege kubwa zina upana wa mita 45, kitakuwa kimesimama kwenye ukingo wa njia. Upepo ukiongezeka hadi kufikia mita 1.8 kwa sekunde, kitarudishwa hadi katikati ya njia baada ya dakika moja hivi, ambapo rubani asiye na subira angekuwa anainua pua ya ndege yake.

Tena kisulisuli hicho kinachobaki ndicho kinachoishi zaidi. Kile kidogo cha kukiua huzaliwa kutokana na hewa inayokwenda pembeni kwa kusugua ardhi, na upande unakotoka upepo hewa hiyo hukutana na upepo unaokuja kinyume chake na kupunguzwa. Mmomonyoko huchelewa kuanza. Upande wa pili, upepo na kisulisuli huvuta pamoja kuelekea upande mmoja, kisulisuli kidogo hupata nguvu, na kile kikubwa hunyanyuliwa haraka na kufa haraka. Vipimo vya leza vilivyofanywa kwenye viwanja vya ndege vimeithibitisha tofauti hiyo. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo ambalo kila anayeruka ndege ndogo anapaswa kulikumbuka: kisulisuli chenye umri mrefu ndicho kinachoelekea kukaa njiani. Marubani huonywa pia kuhusu upepo mwepesi unaotoka nyuma na ubavuni kwa pamoja, kwa sababu mbali na kukizuia kisulisuli kisiondoke, huweza kuvisogeza visulisuli vya ndege iliyotua mbele na kuvipeleka kwenye sehemu ya kutulia magurudumu.

Siku za maleleji, kaskazi imekatika na kusi haijaja, upepo huwa mdogo na hubadilika mwelekeo. Kwa hiyo asubuhi ile uliyoisifu ilikuwa na sifa zote ambazo rubani hazitaki.

Kuhusu muda wa kusubiri, kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, huzigawa ndege kwa uzito wa juu unaoruhusiwa kuruka nao: nyepesi ni zisizozidi kilo 7,000, nzito ni zile za kilo 136,000 na kuendelea, za kati ziko baina yake, na Airbus A380, ile ndege ya abiria kubwa kuliko zote, ina daraja lake peke yake. Ndege nyepesi inayoruka nyuma ya nzito kutoka mwanzo uleule wa njia huachiwa dakika 2. Ikianza kutoka katikati ya njia huachiwa dakika 3, kwa sababu itakuwa hewani karibu na pale ndege kubwa ilipoanza kuzaa visulisuli au mbele yake. Ndege nyepesi inayotua nyuma ya nzito pia hutengewa dakika 3, pale waongoza ndege wanapotumia saa badala ya rada. Zaidi ya hapo rubani ana hila zake: hujitahidi kuacha ardhi kabla ya kufika mahali ndege kubwa ilipoinua pua, kisha hukaa juu ya njia yake ya kupanda au huikwepa kwa kuelekea upande unakotoka upepo. Akitua, hupita juu ya njia ya ile kubwa na kuweka magurudumu mbele ya pale ilipogusa, kwani kutoka hapo kwenda mbele visulisuli havikuzaliwa.

Kanuni hizi zimelipiwa kwa maisha ya watu. Tarehe 30 Mei 1972, kwenye kiwanja cha Greater Southwest huko Fort Worth, Texas, ndege ya DC-9 iliyokuwa katika mazoezi iliifuata DC-10 kwenye kutua, nyuma yake kwa muda wa dakika moja hivi. Ikiwa karibu kabisa na ardhi ilianza kuyumba, ikalala upande wa kulia, ncha ya bawa ikagusa njia na ndege ikapinduka. Wote wanne waliokuwamo walikufa. DC-9 si ndege ndogo, na baada ya ajali hiyo masafa ya kutenganisha ndege nyuma ya zile nzito yaliangaliwa upya nchini Marekani.

SWALI: Naishi chini ya njia ya ndege zinazokuja kutua. Mara nyingine, ndege ikiwa imeshapita na kelele zake zimekwisha, husikia mvumo mkali juu ya nyumba na miti kutikisika ghafla. Majirani husema ni upepo tu. Je, inaweza kuwa ndege? Na inaweza kuezua paa? (Msomaji, Embakasi, Nairobi)

JIBU: Inaweza kuwa ndege, na kuchelewa kwa mvumo huo ni dalili nzuri. Ndege inayoshuka kwa mteremko wa kawaida wa nyuzi 3 huwa na kimo cha mita 100 ikiwa imebakiza kama kilomita 2 kufika mahali pa kugusa njia. Visulisuli vyake, vikishuka kwa zaidi kidogo ya mita 1 kwa sekunde, huchukua dakika moja hivi kukaribia paa, na kwa muda huo ndege yenyewe imekwisha kutua. Mvumo unaofuatana na kelele za injini moja kwa moja hauwi kisulisuli.

Kuezua pia hutokea. Nyumba zilizo karibu na Heathrow, London, zimewahi kung'olewa vigae na visulisuli, na kiwanja hicho kina mpango wa kukarabati na kuimarisha mapaa yaliyodhuriwa. Karibu na Frankfurt, Ujerumani, wakazi wa mji wa Flörsheim walianza kulalamikia vigae kuanguka baada ya njia mpya ya kutulia kufunguliwa mwaka 2011, na mpango wa kufunga vigae kwa vibanio ukaanzishwa. Kinachong'oa kigae ni upungufu wa mgandamizo ndani ya kiini cha kisulisuli: hewa iliyo ndani ya dari hukisukuma kigae kutoka chini, na kigae kilichopangwa tu kwa uzito wake bila kufungwa hakina cha kukishikilia. Paa la bati lililopigwa misumari vizuri kwenye mapao halinyanyuki kwa namna hiyo, lakini bati lililolegea pembeni lifungwe, kwa sababu hiyo na kwa sababu ya dhoruba za kawaida.

SWALI: Mwaka 2017 ndege ndogo ya binafsi ililetwa hapa kwa dharura baada ya kubingirishwa na hewa ya A380 juu ya bahari. Ikiwa visulisuli hufa kwa dakika moja au mbili, huko juu ilikuwaje? (Msomaji, Maskati)

JIBU: Zile dakika moja au mbili ni za visulisuli vilivyofika ardhini. Tarehe 7 Januari 2017, ndege aina ya Challenger 604 iliyotoka Malé kwenda Berlin ilipishana juu ya Bahari ya Arabu na A380 iliyokuwa futi 1,000 juu yake ikielekea upande wa pili. Muda mfupi baadaye Challenger ilibingirika na kupoteza maelfu ya futi za kimo kabla marubani hawajaidhibiti, wakaipeleka Maskati, baadhi ya waliokuwamo wakiwa wamejeruhiwa. Huko juu hakuna ardhi ya kuzaa kisulisuli cha pili. Kinachoviua visulisuli ni msukosuko wa hewa yenyewe pamoja na tabia iliyoelezwa na S. C. Crow mwaka 1970: mistari miwili huanza kupinda kwa mawimbi marefu, mawimbi hukua hadi mistari ikagusana, na hapo hukatika na kuungana upya kuwa pete zinazosambaratika. Katika hewa tulivu mawimbi hayo huchelewa kukua, na visulisuli vya ndege kubwa kama ile huweza kudumu dakika kadhaa vikiendelea kushuka hadi kwenye njia ya ndege ya chini.

SWALI: Hakuna njia ya kuvivunja visulisuli hivi kabla ya wakati wake, badala ya kila ndege kusubiri? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Ipo moja iliyojaribiwa kwa dhati, na imejengwa juu ya jambo lilelile tulilolieleza hapo juu, kwamba ardhi huzaa kisulisuli cha kukiua kisulisuli. Watafiti wa kituo cha Ujerumani cha masuala ya anga, DLR, walijiuliza kama kifo hicho kinaweza kuharakishwa kwa kuweka vizuizi chini. Wakasimamisha mabamba wima, yamepangwa mstari mmoja mmoja, kabla ya mwanzo wa njia, chini ya mapito ya ndege zinazotua. Kisulisuli kinapopita juu ya bamba, kisulisuli kidogo huzaliwa hapo mapema kuliko ambavyo kingezaliwa kwenye ardhi tupu, hujipinda kama kitanzi kukizunguka kile kikubwa, na vurugu hiyo husafiri kukifuata kile kikubwa kwa urefu wake. Kwa upande wa pili, pale ndege inapogusa njia na kisulisuli kukatika ghafla, vurugu nyingine huanza na kurudi nyuma. Zikikutana, kisulisuli kinakuwa kimeliwa kutoka pande mbili.

Mwaka 2019 mabamba hayo yalisimamishwa kwenye uwanja wa ndege wa Vienna, kila moja likiwa na urefu wa mita 9 na kimo cha mita 4.5, na hewa ikapimwa kwa leza wakati maelfu ya ndege zikitua. Umri wa visulisuli katika eneo la kutua ulipungua kwa kati ya moja ya tano na zaidi kidogo ya theluthi moja, kutegemea aina ya ndege. Hakuna injini wala umeme unaohitajika, jambo ambalo binafsi naona ni uzuri wake mkubwa. Mipaka yake ni kwamba mabamba husaidia ndege zinazotua tu, karibu na mahali yaliposimamishwa, na kwa kuwa yako kwenye eneo ambalo ndege iliyokosea inaweza kupita, lazima yatengenezwe kwa vitu vyepesi vinavyovunjika kirahisi na yasizidi kimo kinachoruhusiwa na kanuni za vikwazo vya viwanjani.